Maandishi Nayo Yataka Zizi

Mwombe mtu aliye mbali akutafutie habari za Leparua, upande huu wa Isiolo unaopakana na Lewa, kisha uone atakuletea nini. Atakuletea habari za vifaru na ndovu. Atakuletea habari za ukame. Huenda akakuletea na habari za wizi wa mifugo na milio ya bunduki. Hayo yote yapo, wala sisemi kwamba ni uongo. Lakini Leparua ina watu, na watu hao wana ndoa zao, marika yao, vitendawili vyao, zamu zao za kunywesha mifugo, na jina la kila kilima na kila korongo. Hayo hatakuletea.

Ndugu msomaji asidhani kwamba mambo hayo hayakuandikwa kabisa. Katika ziara zangu za huku nimeonyeshwa madaftari ya walimu na vijana waliomaliza shule, yamejaa maneno ya wazee kutoka jalada hadi jalada. Kalamu ipo na bidii ipo. Kinachokosekana ni mpango. Kitendawili kimeandikwa kando ya hesabu ya mbuzi. Habari ya kisima imekatizwa na wimbo wa harusi. Na ukurasa wa mbele hausemi lolote juu ya yaliyomo ndani. Mwandishi mwenyewe hutumia nusu saa kutafuta jambo aliloliandika kwa mkono wake. Basi mgeni atalipataje? Na asipolipata, atamwelekezaje mwenzake?

Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo: maandishi ya mtu wa kwetu yapangwe vipi ili yapate wasomaji wengi, na wasomaji hao nao wayataje kwa wengine? Ni swali la utamaduni, wala si la makarani peke yao.

ALIYEPANGA NDIYE ATAJWAYE

Tutazame kwanza mifano ya waliotangulia. Mnamo mwaka wa 1903 kilichapishwa kule Göttingen, Ujerumani, kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli. Aliyekisimamia alikuwa Mjerumani, Carl Velten, lakini sehemu kubwa ya maneno yaliyomo ilitoka kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa pande za Bagamoyo. Miaka zaidi ya 120 imepita, na bado kila anayetaka kuandika juu ya maisha ya zamani ya Mrima hana budi kukitaja. Kwa nini? Elimu ya Mtoro ni sababu moja. Sababu ya pili ni kwamba kitabu chenyewe kimepangwa. Kinaanza na kuzaliwa kwa mtoto, kinaendelea na malezi, chuo, jando, ngoma, ndoa na mengineyo. Mtu anayetaka habari za harusi haulizi mara mbili. Huenda moja kwa moja kwenye mlango wake.

Mzee Jomo Kenyatta naye, alipotoa Facing Mount Kenya mwaka wa 1938, alifuata njia hiyo. Ukoo una sura yake, ardhi ina sura yake, elimu, jando, ndoa na utawala vivyo hivyo. Na tukija karibu zaidi na Leparua, ambako Kimaa husikika kila siku, yupo Naomi Kipury, binti wa Kimaasai, aliyetoa mwaka wa 1983 kitabu cha fasihi simulizi ya Wamaasai. Hadithi amezitenga na vitendawili, vitendawili amevitenga na methali, na nyimbo nazo zina mahali pake. Mwalimu wa shule anayetafuta vitendawili vitano vya kesho asubuhi huvipata usiku huu huu.

Sasa tuangalie upande wa pili. Anayeuliza habari za Wasamburu, hata leo, huelekezwa kwanza kwa Paul Spencer, Mwingereza aliyechapisha kitabu chake kuwahusu mwaka wa 1965. Sina ubaya na Bwana Spencer. Alikaa, akauliza, akaandika, akapanga. Lakini wako wazee waliokuwa wakiyajua mambo hayo zaidi yake, na vijana waliokuwa wakiyaandika baada yake, ambao hakuna anayewataja. Hawakushindwa kwa ujuzi, walishindwa kwa mpango na kwa kutochapishwa.

Iko habari ya kusikitisha zaidi, tena ya majirani. Katika msitu wa Mukogodo, upande wa Laikipia, waliishi Wayaaku, watu wa nyuki na uwindaji. Katika karne iliyopita waliiacha lugha yao polepole wakashika Kimaa. Mtaalamu wa Kijerumani, Bernd Heine, aliandika juu ya lugha hiyo katikati ya miaka ya 1970, ilipokuwa tayari ukingoni. Miaka ya 2000 Wayaaku walipoamka kutaka kuifufua, kumbukumbu za vikongwe wachache na maandishi ya wataalamu wa nje ndivyo vilivyokuwa vya kutegemea. Watu wakaenda kwa wageni kuuliza maneno ya babu zao. Hilo lisitupate na sisi.

SOMO LA FORA

Nilimuuliza mzee mmoja namna anavyoweza kuwakumbuka ng'ombe wake wote ilhali nusu yao hawapo nyumbani. Akacheka.

"Mwanangu," akasema, "ng'ombe wote wakikaa nyumbani, nyasi zitaisha na watoto watakosa maziwa. Na wote wakienda mbali, mgeni akija nitampa nini?"

"Kwa hiyo mzee huwagawa?"

"Wa maziwa wanabaki hapa. Wengine wanakwenda na vijana. Lakini alama ni moja. Ukimwona wa mbali, utajua boma lake."

Wafugaji wa kaskazini wanaelewa mpango huu vizuri. Waborana huwaita ng'ombe wanaobaki nyumbani kwa ajili ya maziwa warra, na wale wanaopelekwa malisho ya mbali huwaita fora. Ni kundi la mwenye mali mmoja, limegawanywa kwa kazi zake.

Hapana somo bora zaidi kwa mwandishi. Katika kila jambo unaloliandika, weka makala moja kubwa nyumbani, iwe ng'ombe wa maziwa. Makala hiyo ieleze jambo zima kwa kifupi, ili mgeni akifika asirudi na njaa. Kisha makala ndogo ndogo ziende fora, kila moja ikichunga kipande chake, lakini zote ziwe na alama ya boma lile lile.

Tuchukue maji, maana Leparua hakuna jambo lililo juu ya maji. Makala kubwa iitwe "Maji ya Leparua", ieleze yanatoka wapi, nani huyatumia, zamu hupangwa vipi, na ugomvi huamuliwa na nani. Chini yake zije makala fupi: historia ya kisima kimoja, wimbo unaoimbwa wakati wa kuteka, adhabu ya anayeruka zamu, mambo yaliyotokea ukame wa 1984, wa 2009, na ule ulioanza mwishoni mwa 2020 mvua zikakosekana misimu mitano mfululizo. Kila makala ndogo iseme mwishoni: aliyetaka habari nzima asome "Maji ya Leparua". Na ile kubwa nayo izitaje ndogo zote kwa majina. Msomaji akiingia kwa mlango wowote, atalijua zizi zima.

Wenye kamusi waliijua siri hii zamani. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka wa 1939 inaliweka shina la kitenzi mahali pamoja, na chini yake kunakuja minyambuliko. Ukitafuta pika unakutana na pikia na pikwa wakiwa wamekaa kama ndugu wa nyumba moja. Hukuja kuwatafuta hao, lakini unaondoka umewajua.

JINA LA MAKALA

Baada ya zizi ni mlango, na mlango wa makala ni kichwa chake. Vichwa vingi nilivyoviona ni vya namna hii: "Mzee Asimulia", "Mambo ya Kale", "Tujivunie Utamaduni". Ni maneno mazuri, lakini msomaji hawezi kujua kilichomo. Hakuna anayeamka asubuhi akitafuta "mambo ya kale". Mtu hutafuta jibu la swali lake. Hutaka kujua mahari hulipwa vipi mifugo ikiwa imekufa kwa ukame. Au jina la kilima fulani lilitoka wapi. Au kwa nini rika fulani huitwa hivyo. Kichwa kikilibeba swali, msomaji atajua kwamba ameitwa yeye.

Aidha, tarehe ziandikwe kwa hesabu mbili. Mzee wa Kisamburu hahesabu kwa kalenda ya ukutani. Atakuambia jambo lilitokea morani walipokuwa Lkishili, au Lkuroro, au Lmooli, au Lkishami. Marika hayo yalianza kutahiriwa 1960, 1976, 1990 na 2005. Mwandishi akiandika rika peke yake, mwanafunzi wa Nairobi atapotea. Akiandika mwaka peke yake, mzee ataona habari si yake. Andika vyote viwili, nawe utakuwa umepata wasomaji wa aina mbili kwa sentensi moja.

KUTAJANA

Tumefika kwenye jambo ambalo wengi hulitamani bila kujua njia yake, nalo ni kutajwa na wengine. Mwandishi anataka mwalimu wa Garbatulla, mwanafunzi wa Maralal na mtangazaji wa redio waseme: "Habari hii tumeipata kwa fulani wa Leparua." Atafanyaje?

Jambo la kwanza, aanze yeye kuwataja wengine. Wasomaji wakongwe wa magazeti ya Kiswahili wanalikumbuka hili katika ukurasa wa mashairi. Tangu siku za Mambo Leo, gazeti lililoanza Tanganyika mwaka wa 1923, mshairi wa mji mmoja alikuwa akitupa fumbo au swali akimtaja mwenziwe wa mji mwingine. Aliyetajwa hakulala mpaka ajibu, na wa tatu akaingia kuamua. Msomaji aliyeliona jibu alitaka kulitafuta swali, na aliyeliona swali akangojea jibu. Hivyo shairi moja likavuta kumi, na majina ya watu wasiopata kuonana yakafungwa kamba moja. Hakuna aliyekwenda kuomba, "Tafadhali nitaje." Walitajana kwa sababu walikuwa wakijibizana.

Nasi tufanye hivyo. Ukiandika juu ya vitendawili vya Leparua, sema wazi kipi ulikikuta pia katika kitabu cha Kipury, na kipi hukukikuta. Ukiandika juu ya zamu za visima, mwulize kwa jina mwandishi wa Kinna au wa Merti: je, kwenu Waborana hufanya vipi? Atajibu, na katika jibu lake atakutaja.

Jambo la pili, andika kile ambacho mwingine atakihitaji katika kazi yake. Maoni yetu juu ya ubaya wa ukame ni ya kweli, lakini kila mtu anayo. Hakuna atakayekuja Leparua kuyachukua. Lakini orodha ya majina ya mahali pamoja na maana zake, orodha ya miaka ya ukame kama wazee walivyoipa majina, orodha ya miti na ugonjwa unaotibiwa kwa kila mti: hizo ni jiwe la kunolea. Kila mwenye kisu atalijia. Mwalimu atazitumia, daktari wa mifugo atazitumia, mwandishi wa riwaya atazitumia, na kila mmoja atasema alikozitoa.

Wakubwa wa elimu duniani wamelijengea jambo hili mitambo. Mnamo mwaka wa 1955 Mmarekani Eugene Garfield alipendekeza pawe na orodha inayoonyesha ni makala ipi ya sayansi imetajwa na makala zipi nyingine, na mwaka wa 1964 orodha hiyo ikaanza kuchapishwa. Baadaye vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Larry Page na Sergey Brin, wakalichukua wazo hilo la kuhesabu kutajwa wakalitia katika intaneti. Na mwaka wa 1998 wakaanzisha kampuni ya Google. Mtambo wao ulihesabu ni nani anaelekezwa na wengi, tena wengi wenye heshima zao, ukamtanguliza huyo mbele. Vitu vingi vimeongezwa tangu hapo, lakini mzizi ni ule ule ambao kijiji chochote kinaujua: mtu anayetajwa na wazee waaminifu ndiye anayeulizwa kwanza. Wako wanaonunua sifa na kulipa watu wawataje. Sokoni Isiolo pia wapo wanaosifia ng'ombe mgonjwa. Mnunuzi hudanganywa mara moja tu.

SIKU YA SOKO

Soko lisilo na siku yake halipati watu. Hata bidhaa ziwe nzuri namna gani, mnunuzi akija mara mbili akakuta vumbi tupu, hatarudi mara ya tatu. Msimulizi, lile gazeti la wanafunzi na walimu wa Kiungani, Unguja, lililoanza mwaka wa 1888, lilipokea barua kutoka vituo mbalimbali vya misheni barani, na msomaji wa kila kituo akatazamia kuona habari za kwao. Mambo Leo nalo lilikuwa na safu yake ya "Habari za Miji". Mtu wa Songea au wa Tanga alifungua ukurasa ule kabla ya mwingine wowote. Hakusoma gazeti lote. Alianza na pake, na akiisha pake, jicho likateleza kwa jirani.

Basi mwandishi wa Leparua ajiwekee siku. Ikiwa ni mara moja kwa mwezi, iwe mara moja kwa mwezi kweli. Ni heri makala moja kila mwezi kwa miaka mitatu kuliko makala ishirini mwezi wa Januari kisha kimya. Na kila makala ikae kwenye safu yake inayojulikana: maji, malisho, marika, majina ya mahali, amani. Safu tano zatosha. Mwenye safu ishirini ana zizi lenye milango ishirini, na huyo hana zizi.

Wala asisahau kuyapitia ya zamani. Boma la mfugaji huhamishwa, na ua wake hutiwa miiba mipya. Kisima ulichokiandika miaka mitano iliyopita huenda kimekauka. Mzee uliyesema yu hai huenda amekwisha kuzikwa. Rudi uandike hivyo, utie na tarehe. Msomaji anayekuta habari imesahihishwa humwamini mwenye habari.

SI KILA MGENI AONYESHWE NG'OMBE

Hapa nataka kusema jambo ambalo walimu wa uandishi wa mijini hawalisemi. Wao hufundisha namna ya kuvuta wasomaji wengi, kana kwamba kila msomaji ni rafiki. Huku kwetu sivyo. Katika nchi ambayo mifugo huibwa, kuandika kwamba ng'ombe wa boma fulani hulala mahali fulani mwezi fulani ni kumshika mwizi mkono. Viko pia vilima vya maombi na mambo ya tohara ambayo wazee hawataki yatangazwe, na dawa ambazo mwenye kuzijua anazo kama urithi wa watoto wake.

Kimaa kina neno lomon, yaani habari, na wafugaji wana adabu ya kupeana habari wakikutana njiani. Huanza na salamu na amani, kisha mvua na malisho, kisha mifugo na watu, na kila mmoja humpima mwenziwe kabla ya kufungua kinywa zaidi. Mwandishi naye apime. Kabla ya kutoa orodha ya visima, awasomee wazee. Wakisema hiki kiache, akiache. Atapungukiwa na wasomaji kadhaa wa mbali, lakini atabaki na wale wa karibu ambao bila wao hana cha kuandika.

MIZANI YA ARDHI

Mtu anaweza kusema, "Haya yote ni mchezo wa wenye nafasi. Tuna njaa, wewe watuambia habari za vichwa vya makala." La hasha. Mwaka wa 2016 Kenya ilipata Sheria ya Ardhi ya Jamii, inayozitaka jamii zijiandikishe na kuandikisha ardhi yao. Katika kaunti kama Isiolo, ambako mpango wa barabara, reli na bomba kutoka Lamu, uliozinduliwa mwaka wa 2012, umewafanya wengi waitazame ardhi kwa macho mapya, jamii itaulizwa: mpaka wenu uko wapi, nani alichimba kisima hiki, na bonde lile mnaliitaje? Jibu la mdomo lina heshima yake, lakini mbele ya meza ya karani jibu lililoandikwa, likapangwa, likatajwa na wengine kwa miaka, lina uzito mwingine. Jina la korongo lililoandikwa leo kwa ajili ya kupendezesha ukurasa wa utamaduni, kesho laweza kuwa shahidi.

Kwa hiyo nawasihi walimu, vijana na kina mama wa Leparua wenye madaftari: msingojee mtu wa mbali aje awapangie. Chukueni daftari jipya moja. Kurasa za mwanzo ziacheni wazi kwa ajili ya orodha ya yaliyomo. Gawanyeni zilizobaki kwa safu tano. Hamisheni humo habari moja kila jioni kutoka yale ya zamani, na kando ya kila habari andikeni nani alisema, wa rika gani, mwaka gani, na habari gani nyingine inahusiana nayo. Mkimaliza safu moja, ipelekeni shuleni, gazetini, redioni au kwenye intaneti, popote mnapofika. Aliye na kalamu asione haya kuanza na kisima cha nyumbani kwao, kwa maana hicho hakuna mtaalamu wa ng'ambo anayekijua kumshinda.